Mzee Pamba na Kikohozi cha Mama Mwekundu

Mume wangu aliwahi kumwosha nzi mgongo bila kumwamsha. Nzi alikuwa amejilalia juu ya kioo, mzee akapita na pamba yake yenye maji, akamfuta mabawa, akamkausha, na nzi alipoamka alikuwa mweupe mpaka watoto wake mwenyewe wakamkana. Habari hiyo nimeisimulia miaka mingi na sijapata mtu wa kuipinga. Lakini nikisema kwamba mume wangu huyo huyo nusura aondolewe kazini kwa aibu kwa sababu nyota moja ya mbali ilikohoa, watu hunitazama kwa huruma na kuniuliza kama nimekula. Uongo wangu hukaribishwa kiti. Ukweli wangu huachwa mlangoni pamoja na viatu.

Leo nauingiza ndani kwa nguvu.

Wanamwita Mzee Pamba. Nilipomjua alikuwa kijana wa shingo ndefu anayeosha madirisha ya maduka, ngazi begani, ndoo mkononi. Wenzake walisugua kioo kana kwamba kimewatukania mama zao. Yeye alikipangusa kama mtu anayemfuta mtoto machozi. Mimi nilikuwa nashona vifungo katika duka moja pale, nimekaa nyuma ya dirisha, na alikuwa akipita kila Jumanne. Nikaona Jumanne moja kwa wiki haitoshi. Basi akishaondoka tu, nilikuwa nachovya kidole kwenye mafuta ya cherehani, nachora kioo alama mbili tatu, tajiri wangu anapiga kelele, na Jumatano kijana anaitwa arudi. Alirudi Jumatano sita mfululizo bila kunung'unika. Ya saba hakuja na ndoo, alikuja na mjomba wake, na mazungumzo hayakuwa ya madirisha.

Nje ya mji wetu, juu ya kilima, kuna nyumba ya nyota. Ni jengo jeupe lenye paa la duara linalopasuka katikati kama ganda la yai, na ndani yake mna darubini yenye kioo kipana kuliko meza yangu ya kulia chakula. Walipotafuta mtu wa kukiosha walikuja wanaume kumi na wawili. Kila mmoja alipewa pamba na kuonyeshwa kipande cha kioo cha majaribio. Kumi na mmoja walianza kazi hapo hapo. Mume wangu aliuliza maji ya kunawa yako wapi. Akanawa mpaka viwiko, akavua saa, akavua pete niliyomvisha mimi, kisha akavua na mkanda wa suruali kwa sababu ulikuwa na chuma mbele. Ikabidi aoshe kwa mkono mmoja, wa pili umeshika suruali. Wakamwajiri yeye, na wakamnunulia ovaroli.

Kazi yenyewe ukiiona utasinzia. Kioo kile kimepakwa utando wa alumini mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu mara elfu moja, na chembe moja ya mchanga ikiburutwa juu yake inaacha mkwaruzo ambao hautoki mpaka kipakwe upya. Kwa hiyo hakisuguliwi. Unalowesha bonge la pamba, unalilaza juu ya kioo, unalivuta polepole kwa uzito wake lenyewe bila kulikandamiza, kutoka ukingo huu hadi ule. Likishapita mara moja linatupwa, unachukua jingine. Anatumia mabonge mia nne kwa kioo kimoja. Desturi hiyo aliihamishia nyumbani. Siku aliyojitolea kuniosha vyombo, wageni watatu waliokula asubuhi wakarudi mchana kabla hajamaliza kikombe cha pili.

Na kulikuwa na sabuni. Haina rangi, haina harufu, povu lake halionekani, ilikuwa ikitoka mbali katika vichupa vidogo kama vya dawa ya macho. Madereva wa kilimani waligundua kwamba inang'arisha vioo vya magari, ikaanza kupungua stoo bila kuoshewa chochote. Mzee akaona aikimbize. Akaileta nyumbani, akaiweka juu ya kabati la chumbani, mahali ambapo hakuna dereva atakayefika. Aliitoa kwa wezi wadogo akaileta kulala chumba kimoja na mwizi mkubwa.

Maana mimi siku moja niliitia kichwani. Tone moja tu, kuonja. Nywele zangu, ambazo tangu ujana zimekuwa zikivunja vitana, zikalala kama paka. Wiki iliyofuata nikatia matone mawili. Majirani wakaniuliza ninapaka nini, nikawaambia kuna maji yanayodondoka kutoka kwenye nyota, mume wangu huyakinga kwa kopo. Wakaniamini, mmoja akaleta kopo lake. Kichupa kikafika nusu, kikafika robo, na mimi, ili mzee asisumbuke moyo, nikakijaza tena kwa sabuni yangu ya vyombo na maji kidogo, mpaka usawa ule ule. Nilikuwa sahihi kabisa kwenye usawa.

Hapo ndipo nimlete Daktari.

Alikuwa binti mwembamba, mwenye kalamu nywelani, aliyehamia kilimani mwaka ule na kupenda kuja kwetu kunywa chai kwa sababu huko juu chai yao ilikuwa na ladha ya birika. Nilipoambiwa ni daktari nilimwonyesha goti langu. Akaliangalia kwa adabu, akasema yeye ni daktari wa nyota. Alikuwa na nyota moja tu anayoichunga, kama mtu mwenye ng'ombe mmoja: nyota kubwa, nzee, nyekundu. Jina lake la vitabuni lilikuwa na herufi na tarakimu nyingi, likanishinda. Nikaiita Mama Mwekundu, na baada ya mwezi hata Daktari akawa anaiita hivyo.

Alinieleza habari zake siku moja nikichemsha maziwa. Alisema Mama Mwekundu alizaliwa mzito, mara nyingi kuliko jua, na wazito huishi mbio mbio. Ametumia karibu kuni zake zote za ndani, na badala ya kusinyaa kama mimi, amevimba. Angewekwa pale linapokaa jua letu, dunia yote hii na kilima chetu ingekuwa ndani ya tumbo lake. Sasa ngozi ikiwa mbali hivyo na kiini, inashikwa kwa ulegevu. Na huku ndani anachemka.

"Kama hayo," akasema, akionyesha sufuria yangu. "Mabonge ya moto yanapanda yanaisukuma ngozi. Hewa ya juu inaponyoka, inakwenda mbali, inapoa, na sehemu yake inaganda kuwa vumbi laini kuliko masizi. Mwanga wa nyota unalipiga lile vumbi unalisukuma nje, nalo linaiburuta hewa iliyobaki. Huo ndio upepo wake, bibi. Anajipuliza mwenyewe angani kidogo kidogo."

Nikamuuliza tangu lini mwanga ukawa na mkono wa kusukuma. Akasema unao, dhaifu sana, ila mwanga wa nyota kama ile ni mwingi mno. Zipo nyingine nzito za bluu, za moto zaidi, hizo hata vumbi hazihitaji. Mwanga wake unaipuliza hewa kwa kasi ya kuvuka dunia kutoka upande huu hadi upande wa pili kwa sekunde sita au saba. Mama Mwekundu yeye anapuliza polepole, kizee, lakini kwa wingi: kila miaka michache anapoteza uzito kama wa dunia yetu nzima.

"Na hamaliziki?" nikauliza.

"Ni mkubwa sana. Lakini mwisho wake atakuwa mwepesi kuliko alivyozaliwa, na namna atakavyokufa inategemea kiasi alichopuliza. Hata sisi hatujaelewa yote. Wengine tunadhani hapulizi sawasawa kila siku, kuna siku anakohoa, linatoka wingu zima kwa mpigo. Ningetoa nini nimwone akikohoa."

Maziwa yakafurika, tukayaacha yafurike. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya mlango, naye kila mwaka suruali zake zilikuwa zinahitaji mkunjo mwingine kiunoni. Nikamwambia, baba watoto, ugonjwa wako umepata jina. Akasema bora yeye anayepoteza kidogo kidogo, kuna wanaojazwa upya kila wiki. Akanitazama kichwani. Nikadhani anasifia nywele.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye kioo. Kwa macho matupu Mama Mwekundu ni nukta tu, lakini kwa darubini ile anawaka mpaka anakipofusha chombo cha kupimia mwanga. Kwa hiyo akitazamwa yeye peke yake, mbele ya chombo huwekwa kioo cheusi cheusi, ukubwa wa kisosi, kama miwani ya jua. Wenyewe walikiita miwani. Na anayeosha miwani ni nani? Ni Mzee Pamba.

Ilikuwa imebaki miezi mitatu astaafu. Akaiosha miwani siku ya Jumatatu kama kawaida yake. Baada ya hapo mota ya paa ikaharibika, paa likakaa mwezi mzima limefungwa. Lilipofunguka, jioni ya kwanza kabisa, Daktari akampima Mama Mwekundu, akakuta mwanga umepungua zaidi ya nusu. Akapima tena, ikawa vile vile. Kesho yake mvua ikaanza, mvua ile ya kukaa, na mbingu ikafungwa kama duka lililofiwa.

Mkurugenzi wa kilima alikuwa mtu mzuri mwenye hofu moja: kuchekwa. Daktari alitaka kuwaandikia wenzake wa nchi nyingine kwamba nyota imekohoa. Mkurugenzi akamwambia haiandikwi hata mstari. Nyota haikai sawa miaka yote kisha ikafifia mwezi ule ule miwani yake imeoshwa. Miwani ina utando wa sabuni, basi. Tukiwatangazia watu kwamba nyota imefifia, kumbe ni sabuni, watatucheka mpaka wajukuu zetu. Akamwita mume wangu, akamwambia aioshe upya mambo yaishe, na amweleze ni sabuni gani aliyotumia mara ile.

Hapo mume wangu, mtu ambaye angeweza kukuhadithia bonge moja moja la pamba alilotumia tangu aajiriwe, akanyamaza. Mkurugenzi akauliza mara ya pili. Kimya. Mara ya tatu mume wangu akasema, "Sitaiosha, bwana. Nikiiosha leo, hamtajua kamwe kama ni mimi au ni yeye."

Akaiweka miwani kwenye sanduku lake, akabandika karatasi palipokutana mfuniko na sanduku, akatia sahihi juu ya karatasi. Mkurugenzi akaona ni jeuri. Akasema mvua ikikatika miwani itapimwa mbele ya wote, na ikiwa chafu, Mzee Pamba atashuka kilimani kwa barua ya uzembe, si kwa barua ya shukrani. Miaka thelathini na moja ya pamba iliyovutwa bila kukandamizwa, na neno la mwisho juu yake liwe uzembe.

Haya yote alinihadithia Daktari, si mume wangu. Yeye alirudi nyumbani, akala kidogo, akakaa kwenye kigoda akiitazama mikono yake imelala magotini kama vitu vya mtu mwingine alivyoombwa avitunze. Nikamuuliza ana nini, akasema mvua. Na mimi, mwenye ulimi wa kumtungia nzi ukoo, nikauacha ulimi nikatumia macho. Nilipanda kitini nikakichungulia kichupa juu ya kabati. Kilikuwa kitupu. Maana yake aliitumia yote. Maana yake sabuni yangu ya vyombo, yenye harufu ya limau na rangi ya majani, ilikuwa imepakwa kwenye miwani ya nyota.

Nilikaa siku nne na jambo hilo. Siku ya tano nikatia chakula kwenye bakuli la mfuniko, nikasema nampelekea mzee, nikapanda kilima kwenye mvua. Chini ya chakula sikusema kulikuwa na nini. Kulikuwa na pamba, na chupa ya maji ya mvua niliyoyachuja kwa kitambaa. Nia yangu ilikuwa kuingia chumba cha kuoshea, kuiosha ile miwani kimya kimya, kurudisha karatasi ya sahihi kwa gundi ya unga, na kushuka. Nilimwona mume wangu akifanya kazi ile katika hadithi zangu mara nyingi kiasi kwamba nilijiona fundi.

Chumba kilikuwa wazi. Kilikuwa kisafi mpaka nikaona haya kuvaa viatu. Ovaroli yake ilining'inia msumarini, mabonge ya pamba yamepangwa kwenye trei kama mayai, na sanduku liko katikati ya meza. Nikaishika karatasi. Sijui kusoma vizuri, lakini sahihi ile naijua. Ndiyo iliyo kwenye cheti cha ndoa yetu, ile ile, yenye mkia mrefu ambao hajawahi kuuharakisha. Nikabaki nimeshika ncha ya karatasi, kucha imeshaingia chini yake, na nikashindwa kuivuta. Maana alikwisha sema mwenyewe: ikioshwa, haitajulikana kamwe. Ningemwokoa na barua nikamwachia shaka, na mtu yule hajui kulala na shaka kitanda kimoja. Amezoea kulala na mimi tu.

Daktari akanikuta hapo, natiririka maji, bakuli mkononi, nalia. Nikamwambia yote, kuanzia tone la kwanza. Nilitegemea acheke. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Bibi," akasema, "mimi nimekwisha andika kurasa arobaini kwamba amekohoa."

Ndipo nikajua kwamba nilikuwa nimewaosha wawili kwa sabuni moja. Nikamwambia nakwenda kwa Mkurugenzi sasa hivi, nikampe kichwa changu akinuse. Akanishika mkono. Akasema nikisema leo, miwani itatupwa kwenye beseni kabla sijamaliza sentensi, na hapo atapotea mzee na atapotea Mama Mwekundu. Tusubiri mbingu. Ikiwa ni sabuni, tutakwenda kusema pamoja, yeye ataanza. Tukala kile chakula, sisi wawili, juu ya ndoo mbili. Mzee hakukipata hata kidogo.

Mvua ilikatika siku ya tisa. Jua lilipozama walikusanyika chini ya duara: Mkurugenzi, Daktari, mume wangu katika ovaroli iliyopigwa pasi, na mimi ambaye sikualikwa. Mkurugenzi aliniangalia, nikamwambia nimekuja kumpokea mume wangu, maana kwa barua yoyote ile njia ya kushukia ni moja. Akanipa kiti.

Akaikata karatasi kwa wembe, mwenyewe, akatoa miwani kwa vidole viwili kama anayetoa samaki mwenye miba. Daktari akaomba wasianze na Mama Mwekundu. Iko nyota nyingine angavu, jirani yake, mtulivu asiyebadilika, ambaye mwaka uliopita alipimwa mara moja kwa miwani hiyo hiyo, na hesabu yake ipo daftarini. Apimwe yeye kwanza. Mwanga wake nao ukipungua, ubaya uko kwenye miwani. Ukibaki ulivyokuwa, miwani ni safi. Mkurugenzi akakubali. Darubini ikazunguka kwa sauti ya mashine ya kushonea nguo nzito. Mume wangu hakutazama juu. Alitazama mikono yake.

Hesabu ikatoka. Daktari akaisoma, kisha akaisoma ya daftarini. Zilifanana mpaka tarakimu ya mwisho kasoro moja, na hiyo moja, walisema baadaye, ni unyevu wa hewa.

Wakamgeukia Mama Mwekundu. Alikuwa amefifia kuliko hata siku ile ya kwanza.

Mkurugenzi akazifuata hesabu zote kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akasimama mbele ya mume wangu, akamwambia, "Mzee wangu, kioo ni safi. Nimekukosea."

Mume wangu akasema si neno, na akauliza jambo moja tu, akimwuliza Daktari: vumbi lenyewe ni la namna gani. Daktari alikuwa analia na kucheka na kuandika kwa wakati mmoja. Akasema kwa kawaida kwa nyota za aina ile ni jamii ya mchanga, mzee, chembe za ukoo mmoja na mchanga unaoyeyushwa kutengeneza vioo, na nyingine za ukoo wa alumini. Wingu la vumbi hilo limetoka kwake, limekaa kati yake na sisi, limemziba uso. Litatawanyika taratibu, naye atang'aa tena. Na ndivyo ilivyokuwa, kabla mwaka haujaisha.

"Kumbe naye ni mtu wa vioo," akasema mume wangu, na kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze meno yake yakaonekana.

Nami sikuweza kukaa kimya zaidi. Nikauliza hilo wingu limetoka lini, wiki iliyopita au mwezi uliopita. Daktari akasema hapana, bibi, mwanga wa Mama Mwekundu unasafiri miaka mia sita kutufikia. Nikamgeukia Mkurugenzi nikamwambia basi baba, kama ni kosa la mume wangu, aliiosha vibaya kabla babu wa babu yake hajatahiriwa, na pamba yenyewe bado haijapandwa. Akacheka mpaka akatafuta pa kushika, mtu yule aliyeogopa kuchekwa maisha yake yote.

Tukashuka kilima, mimi na mzee, barabara ina madimbwi, yeye mbele na mimi nyuma nimeshika mgongo wa koti lake. Furaha ilinijaa mpaka nusu ya njia. Kisha swali likanibana. Sabuni yangu ilikwenda wapi? Utando wa limau na majani, ungewezaje kutoonekana?

Nikasema, "Baba watoto, ile sabuni ya kichupa."

"Ilitoa povu," akasema bila kugeuka. "Tone la kwanza tu, kwenye beseni, kabla ya kugusa kitu. Nikaimwaga yote nje. Miwani nikaiosha kwa maji matupu yaliyokenekwa, yale ya mvuke uliopozwa, mara tatu. Ukoka pale nyuma ya chumba unang'aa mpaka leo."

Nikasimama katikati ya dimbwi. "Ulijua."

"Harufu ya jikoni kwangu nisiijue?"

"Basi mbona hukumwambia bwana yule? Alikuuliza mara tatu. Ungesema maji matupu, yangeisha."

"Angeuliza kwa nini maji, sabuni imekwenda wapi. Mimi uongo siuwezi, wa nyumba hii umeushika wote wewe. Ningemjibu nini? Kwamba mke wangu ana nywele nzuri?"

Hakuna aliyeniona, kwa hiyo naweza kusema nililia kidogo au sana, nitakavyo. Alingoja nimalize. Kisha akasema, akitazama mbele, kwamba na yale mafuta ya cherehani pia yana harufu yake, na kwamba Jumatano ya kwanza tu alijua ni kidole cha nani, kwa sababu alama zilikuwa upande wa ndani.

Siku ya kustaafu walimpa barua ya shukrani yenye muhuri, Mkurugenzi akaisoma mbele ya watu wote wa kilimani pamoja na madereva. Daktari akasimama akasema katika maandishi yake, yale ya kurasa arobaini ambayo sasa yamefika sabini, ameandika kwamba miwani ilioshwa na nani na haikuguswa na nani. Kisha wakamwuliza Mzee Pamba, kama ilivyo ada, ni kitu gani cha kilimani angependa aende nacho. Aliyemtangulia aliondoka na saa ya ukutani. Yeye akafikiri, akasema angependa kichupa kimoja cha sabuni, kilichojaa. Watu wakatazamana. Madereva wakatazama chini.

Hakukiweka juu ya kabati. Alikiweka kwenye rafu ya kioo changu cha kujitazamia, usawa wa mkono. Mimi natumia tone moja kwa wiki, na kichupa hakijapungua hata kidogo. Kila nikikitazama kimefika usawa ule ule. Sijauliza. Povu lake limeanza kunukia limau.